Theluthi ya mjane: kwa nini wosia wa Washington haukuwafikia wote

*Mwalimu, salaam aleikum. Mwaka huu nilikwenda kumtazama binti yangu anayeishi Maryland, akanipeleka Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Tuliambiwa kwamba katika wosia wake aliagiza watumwa wake waachwe huru. Halafu tukaambiwa kwamba karibu nusu ya waliokuwa pale walibaki watumwa, kwa sababu walikuwa "wa mkewe", na mkewe naye eti hakuweza kuwaacha. Hapo nikapotea. Kwetu mjane akishapewa thumni yake, ile sehemu ya nane ya mirathi, imekuwa yake, auze, atoe sadaka, shauri lake. Watu hao walikuwa wa nani basi? Au ni maneno ya kumsafisha mzee? – Mama wa Tanga*

Wa aleikum salaam, mama. Umeuliza kama hayo ni maneno ya kumsafisha mzee. Sheria waliyokuelezea ilikuwepo kweli, na kusafishana nako kumo. Nitayafikia yote mawili. Lakini tuanze na hilo la "walikuwa wa nani basi", maana jibu lake ni la ajabu: walikuwa wa mtu ambaye mwaka 1757 alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu.

Mwezi Julai mwaka huo alifariki tajiri mmoja wa Virginia, iliyokuwa koloni la Waingereza wakati huo, aitwaye Daniel Parke Custis. Hakuandika wosia. Alimwacha kizuka wa miaka 26, Martha, na watoto wawili waliosalia: Jacky, mvulana, na Patsy, msichana mdogo zaidi. Aliacha pia ekari zipatazo 17,500 na watumwa karibu 300. Marehemu asipoacha wosia, sheria ndiyo inayogawa, na sheria ya Virginia wakati huo iliigawa mali mafungu mawili yasiyofanana kabisa. Fedha, mifugo, vyombo na samani, theluthi ilikuwa ya mjane, yake kabisa. Ardhi na watumwa vilikuwa na sheria nyingine: theluthi ya mjane ilikuwa ya kutumia maisha yake yote, siku akifa inarudi kwa warithi wa mume wa kwanza. Theluthi mbili zilizobaki zilikwenda kwa Jacky, mtoto wa kiume, na ile theluthi ya mama yake ikamsubiri.

Ukifungua kamusi huenda ukakuta neno la Kiingereza la sheria hiyo, "dower", limetafsiriwa "mahari". Tafsiri hiyo inapotosha. Mahari ni ya mke tangu siku ya ndoa, mume awe hai au amekufa. Hii niiitayo theluthi ya mjane ilizaliwa na kifo cha mume, na haikuwa milki. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo nitakupa mfano wa minazi. Mjane alipewa haki ya kuangua nazi. Mnazi haukuwa wake: hakuweza kuukata, kuuuza wala kumpa jirani. Na miche iliyoota chini ya mnazi ule nayo haikuwa yake. Hilo la miche liweke akilini, maana ndilo lililowaumiza watu.

Pengine unajiuliza kwa nini binadamu aliingizwa katika fungu moja na ardhi badala ya fungu la mifugo. Mwaka 1705 Baraza la Virginia lilitunga sheria iliyosema kwamba katika mirathi watumwa wahesabiwe kuwa mali isiyohamishika. Wenye mashamba walikuwa na hesabu yao. Shamba la tumbaku bila watu ni msitu tu, na mjane kijana akiolewa na mwanamume mwingine angeweza kuondoka na wafanyakazi wote, mrithi akabakiziwa magugu. Sheria hiyo hiyo ilisema mjane akiwatoa watumwa wa theluthi yake nje ya Virginia bila ridhaa ya mrithi, ananyang'anywa. Warithi walilindwa barabara. Watumwa wenyewe hawakutajwa ila kama kitu kinacholindwa kisipotee.

Washington alimwoa Martha tarehe 6 Januari 1759. Kwa sheria ya Kiingereza mke akiolewa usimamizi wa mali yake huhamia kwa mume, kwa hiyo aliishika ile theluthi, ikiwemo watu 80 na ushee, pamoja na ulezi wa mali ya mayatima wawili. Lakini mume hawezi kupokea zaidi ya alichonacho mke. Naye Martha alikuwa na haki ya kuangua nazi tu.

Mambo haya hayakuwa mageni kwa Washington. Baba yake, Augustine, alifariki 1743, George akiwa na miaka 11, akamwachia shamba dogo na watumwa kumi. Sehemu nono ilikwenda kwa kaka yake mkubwa, Lawrence, na Mount Vernon yenyewe ilikuwa ndani ya sehemu hiyo. Lawrence alipofariki 1752 nyumba ilibaki mikononi mwa mjane wake kwa maisha yake. Kwa hiyo tangu 1754 George aliikodi kutoka kwa shemeji yake, pamoja na watumwa 18, kwa ratili 15,000 za tumbaku kwa mwaka. Mjane yule alipofariki 1761 ndipo Mount Vernon ikawa yake. Miaka saba alikaa akilipa kodi ya nyumba aliyokuwa ameandikiwa kuirithi. Nalisisitiza hili kwa sababu wako wanaoandika kana kwamba mzee alishtukizwa na masharti ya theluthi alipokuwa anaandika wosia. Aliyajua tangu ujana wake.

Sasa ile miche. Mwaka 1662 Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Miaka michache kabla, mwanamke aitwaye Elizabeth Key, aliyezaliwa na baba Mwingereza na mama Mwafrika, alikuwa amekwenda mahakamani akadai uhuru wake kwa sababu ya baba yake, akashinda. Sheria ya 1662 ikauziba mlango ule. Wewe unatoka pwani, kwa hiyo utaona tofauti haraka. Utumwa wa pwani yetu ulikuwa utumwa, sina nia ya kuupaka rangi. Lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na bwana alikuwa huru na mrithi kamili. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa mtoto wa suria. Virginia, mtoto wa bwana kwa mtumwa wake alikuwa mali ya bwana huyo, na baba akifa aliandikwa katika orodha ya urithi pamoja na bei yake.

Kwa ajili ya sheria hiyo, theluthi ya Martha iliongezeka yenyewe. Wale 80 na ushee wa mwanzo walizaa, na kila mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa theluthi alikuwa wa theluthi, hata kama baba yake alikuwa mtu wa Washington. Kiangazi cha 1799 Washington aliketi akaandika orodha ya watumwa wote wa Mount Vernon kwa mkono wake, akiwatenga wake na wa theluthi. Wake walikuwa zaidi kidogo ya 120. Wa theluthi walikuwa 153. Wengine 40 alikuwa amewakodi kutoka kwa mjane jirani. Jumla 317. Mbele ya majina mengi aliandika pia nani ameoana na nani, na hapo ndipo unapoiona shida yote kwenye karatasi moja: miaka 40 watu wale walikuwa wameishi pamoja, wakaoana, wakazaa, wala hakuna aliyechagua mchumba kwa kutazama daftari la mirathi ya Custis.

Mtazame Hercules, mpishi. Washington alimpata kutoka kwa jirani aliyeshindwa kulipa deni, kwa hiyo alikuwa wake mwenyewe. Mkewe, Alice, mshoni, alikuwa wa theluthi. Watoto wao watatu, Richmond, Evey na Delia, wakafuata upande wa mama. Hercules alitoroka tarehe 22 Februari 1797, siku ya kuzaliwa kwa Washington. Miezi michache baadaye wageni kutoka Ufaransa walipita Mount Vernon, na mtumishi wao akamwambia binti mdogo wa Hercules kwamba bila shaka amehuzunika kutomwona baba yake tena. Mtoto akajibu kwamba amefurahi sana, kwa sababu baba sasa yuko huru. Wosia ulipotekelezwa Hercules alihesabiwa huru kisheria. Richmond, Evey na Delia hawakumo.

Wosia wenyewe ni wa Julai 1799, aliuandika mwenyewe, bila wakili. Mtu mmoja, William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vitani, alipewa uhuru papo hapo na posho ya dola 30 kwa mwaka. Wengine waliokuwa milki ya Washington waachwe huru Martha akishafariki. Anaeleza sababu ya kusubiri: watu wake wameoana na wa theluthi, naye hana uwezo wa kuwaacha huru wa theluthi, kwa hiyo kuwatenganisha mbele ya macho ya mjane kungeleta uchungu mkubwa. Wazee watunzwe, watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma na ufundi, na yeyote asiuzwe wala kutolewa nje ya Virginia. Alifariki tarehe 14 Desemba mwaka huo.

Lakini tazama alichokifanya bila kukusudia. Zaidi ya watu 120 sasa uhuru wao ulikuwa unangoja kifo cha mwanamke mmoja, naye amelala nao nyumba moja, wao wanampikia chakula. Abigail Adams, mke wa rais aliyemfuatia Washington, alimtembelea Martha mwishoni mwa 1800, akaandika kwamba mjane hakuona kama maisha yake yako salama mikononi mwao. Martha hakungoja. Tarehe 1 Januari 1801 wote wa fungu la Washington waliachwa huru. Wapo waliobaki pale pale Mount Vernon kama watu huru, kwa sababu mke au watoto walikuwa wa theluthi, na uhuru wa kwenda mbali na watoto wako si kitu cha kukimbilia.

Sasa, kusafishana. Ni kweli hakuweza kuwaacha huru wa theluthi kwa kalamu tu. Kama angeandika majina yao kwenye wosia, maandishi yangekuwa batili, na warithi wa Custis wangeidai milki ya Washington fidia ya kila mtu. Warithi hao hawakuwa watu wa mbali. Patsy alifariki 1773, na fungu lake la fedha lilimsaidia Washington kulipa madeni yake London. Jacky alifariki 1781, baada ya mapigano ya Yorktown katika vita vya uhuru wa Marekani, akaacha watoto wanne. Wawili kati yao, Nelly na George Washington Parke Custis, walilelewa Mount Vernon, mezani pa Washington. Wenye mnazi, kwa hiyo, walikuwa wajukuu wake wa kambo, wawili wao akiwa amewalea mwenyewe. Angeweza kuwanunua wa theluthi kutoka kwao? Mali yake aliikadiria kuwa dola 530,000, bila kuhesabu Mount Vernon wala watumwa, ila nyingi ilikuwa ardhi ya magharibi ambayo wanunuzi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Na mjukuu wa kiume alikuwa na miaka 18 tu, hajafikia umri wa kuuza haki yake. Katika miaka ya 1790 Washington alijaribu mpango wa kukodisha mashamba yake kwa wakulima wa Uingereza na kuwakodisha wa theluthi kama vibarua. Haukufika popote.

Naukubali ugumu huo. Nisichokikubali ni kuuita ukuta. Robert Carter wa Nomini Hall, Virginia hiyo hiyo, aliwasilisha mahakamani Septemba 1791 hati ya kuwaacha huru, awamu kwa awamu, watu wapatao 500, akiwa hai, watoto wake wakinung'unika kwamba urithi wao unayeyuka. Sheria ilimruhusu tangu 1782. Kabla ya hapo, tangu 1723, ilihitaji kibali cha gavana na baraza lake. Watumwa wa Carter walikuwa wake, sawa, lakini hata wale waliokuwa wa Washington peke yake walingoja miaka 17 tangu sheria ilegezwe, na yeye mwenyewe hakumwachia hata mmoja hadi alipofika kaburini.

Tena, alipotaka, aliijua theluthi kwa upande unaomfaa. Alipokuwa rais, akiishi Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa aliyeletwa pale nafasi ya kudai uhuru akikaa miezi sita. Washington akawa anawazungusha watumwa wake, wanatoka nje ya jimbo kabla miezi haijatimia, kisha wanarudi. Mwaka 1791 alimwandikia katibu wake sababu: wa theluthi wakipata uhuru, hatapoteza kazi yao tu, huenda akalazimika kuwalipia.

Katika hao alikuwemo Ona Judge, mtumishi wa chumbani wa Martha, binti wa mshoni wa theluthi. Mei 1796, alipojua kwamba atapewa Eliza, mjukuu mkubwa wa Martha aliyekuwa ameolewa karibuni, alitoka nyumbani kwa rais wakati familia iko mezani, akapanda meli hadi New Hampshire. Aliyetumwa kumrudisha aliambiwa atarudi endapo ataahidiwa uhuru Washington na Martha wakishafariki. Washington alikataa mapatano yoyote na mtoro. Pamoja na hayo, ahadi hiyo hata angeitoa, asingekuwa na uwezo wa kuitimiza: Ona alikuwa mche wa mnazi wa Custis. Aliolewa, akazaa watoto watatu, na kisheria watoto hao, waliozaliwa New Hampshire kwa mama aliyejiweka huru mwenyewe, walikuwa mali ya wajukuu wa Martha. Alifariki 1848 bila hati ya uhuru.

Umeandika pia kwamba Martha "hakuweza kuwaacha". Kwa wale 153 hakuweza, kweli, maana haki yake ilikoma pamoja na pumzi yake. Lakini alikuwa na mtumwa mmoja, jina lake Elish, ambaye hakuwa wa theluthi wala wa mumewe. Alikuwa wake mwenyewe, kabisa, kama thumni ya kwetu. Huyo alimwandika katika wosia: apewe mjukuu wa kiume. Mimi nikiulizwa Martha alikuwa na moyo gani juu ya jambo hili, nafungua hapo tu.

Alifariki tarehe 22 Mei 1802. Watu wa theluthi wakagawanywa mafungu manne kwa wajukuu wanne. Hakuna mnada wala mdai aliyehusika hapo. Ulikuwa mgao wa mirathi wa kawaida, wa haki kwa warithi, fungu na fungu thamani sawa, na kwa ajili ya usawa huo mama akaangukia upande huu na mtoto upande ule. Wengine wakaenda Woodlawn kwa Nelly, wengine jijini Washington na Georgetown, wengine ng'ambo ya mto Potomac alikokuja kujenga yule mjukuu wa kiume.

Kuna njia nyingine mirathi ilivyowatawanya watu, nayo utaielewa upesi, kwa kuwa hata kwetu deni la maiti hutangulia mgao. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alirithi kwa upande wa mkewe, kutoka kwa baba mkwe John Wayles aliyefariki 1773, watumwa 135 na ekari 11,000, pamoja na madeni. Ndani ya hao 135 alikuwemo Sally Hemings, mtoto wa huyo huyo Wayles kwa mtumwa wake, yaani mdogo wake mke wa Jefferson kwa baba. Mke alirithi ndugu yake wa damu. Jefferson ndiye aliyesukuma sheria ya 1776 iliyofuta mashamba yaliyofungwa ndani ya ukoo yasiuzwe, kitu kilichokaribiana na wakfu wa familia, na sheria ya 1785 iliyoondoa haki ya kifungua mimba kuchukua ardhi yote. Sifa hizo anastahili. Lakini ardhi iliyofunguliwa ni ardhi ambayo mdai anaweza kuifikia, na watumwa vilevile. Alifariki 1826 akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Wosia wake uliwaacha huru watu watano, mmoja akiwa mhunzi Joe Fossett. Januari 1827 watu 130 wa Monticello, shamba la Jefferson, walitolewa mnadani, wakiwemo mke wa Fossett, Edith, na watoto wao. Fossett alikuwa ameachwa huru kwenye karatasi, akasimama pale akitazama.

Nirudi kwa mjukuu wa Martha ili nikumalizie hesabu ya wale 153. George Washington Parke Custis alijenga nyumba Arlington, juu ya kilima kinachotazama mji mkuu, akaishi pale na watumwa ambao baadhi yao walikuwa wazao wa wale wa theluthi. Alifariki Oktoba 1857. Wosia wake ulisema watumwa wake wote waachwe huru ndani ya miaka mitano, lakini ulisema pia kila mmoja wa wajukuu wake wanne wa kike apewe dola 10,000, nazo mkononi hazikuwepo. Msimamizi wa mirathi alikuwa mkwewe, Robert E. Lee, ambaye aliamua watu wafanye kazi kwanza hadi mashamba yazalishe fedha za wasichana. Watu wa Arlington walikuwa wanaamini kwamba bwana aliahidi uhuru siku ya kifo chake. Watatu walitoroka 1859, wakakamatwa. Lee aliomba mahakama imwongezee muda, ikakataa. Hati ya kuwaacha huru aliiweka sahihi tarehe 29 Desemba 1862, wakati huo akiwa jenerali wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Arlington yenyewe ikiwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini.